Hali ya Njia Leo

Jirani yetu huyu watu walimwita Kipaza, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Akimwambia mkewe kwamba maharage hayajaiva, nyumba ya tatu nao wanajua kwamba maharage hayajaiva. Alikuwa na sauti nene, iliyotulia, sauti ya mtu anayejua anachokisema hata pale ambapo hajui kitu. Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi, na ndiyo iliyokuja kumtokea puani. Haya nimeyapata mengine kwake, mengine kwa mkewe, na mkewe si mtu wa kutia chumvi.

Kipaza alikuwa mtunza njia kwenye lango la mlima. Ukitoka mjini asubuhi unafika langoni jua likiwa bado changa, unapanda, mchana uko kileleni, jioni uko nyumbani unachua miguu. Ni matembezi ya siku moja, ya watu wa kawaida: walimu, wachumba, wazee waliostaafu wanaotaka kuwaonyesha wajukuu kwamba bado wamo. Ila mwanzo wa kiangazi mlima una hila zake. Huku chini maua yamechanua na watu wamevaa mikono mifupi, kule juu theluji ya majira ya baridi haijaisha. Kwa hiyo kila mwaka, kabla lango halijafunguliwa, mtunza njia hupanda mpaka juu, hukagua, hushuka, kisha huketi mbele ya mashine ya kujibu simu na kurekodi hali ya njia. Anayetaka kupanda anapiga namba ya langoni, anasikiliza, halafu anaamua avae viatu gani au arudi zake kulala. Ukishaingia mlimani mtandao haushiki tena, hivyo neno la mashine ndilo neno la mwisho unaloambiwa.

Pa kuogopa palikuwa mahali pamoja tu, korongoni. Korongo liko juu ya kibanda cha mapumziko, na kijito kinapita ndani yake. Baridi ikiisha, theluji hubaki imelifunika lote kutoka ukingo hadi ukingo, nyeupe, laini, inayomwita mtu aikanyage. Lakini maji ya kijito yanaila kwa chini. Yanaila mchana na usiku mpaka linabaki ganda, na chini ya ganda ni uwazi mtupu. Kwa macho huwezi kujua. Lazima ufike kwa miguu yako, usimame ukingoni, uchome theluji kwa mti mrefu. Mti ukigoma, watu wapite. Mti ukizama, funga njia.

Mwaka ule goti la Kipaza lilikuwa linamtesa. Alipanda kwa kuchechemea mpaka kibandani, akakaa kwenye benchi, akavua viatu. Jua lilikuwa la raha. Akala alichofungiwa na mkewe, akaegemea ukuta wa mbao kwa nia ya kupumzika kidogo, na usingizi ukamchukua jumla. Alipoamka kivuli cha mlima kilikuwa kimeshuka hadi miguuni pake. Akatoa darubini, akalitazama korongo kutoka pale alipokaa. Jeupe, safi, halina hata ufa. Kama mwaka jana, akajiambia. Na mwaka jana lilikuwa gumu.

Akashuka akipiga mluzi. Ofisini akakohoa kusafisha koo, akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole gumba, kile kitufe kinachofuta maneno ya zamani na kupokea mapya, akasema kwa sauti yake ile: "Hali ya njia leo. Njia iko wazi hadi kileleni. Theluji ya korongoni ni ngumu. Pita bila wasiwasi." Mti wa kuchomea theluji ulikuwa umesimama nyuma ya mlango, mkavu, haujatoka nje tangu mwaka uliopita.

Jumapili asubuhi akaja shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mwisho wa mkewe, nesi wa wodi ya watoto, na kwao walimwita Kitinda kwa kuwa alifunga tumbo la mama yao. Kitinda na Kipaza walikuwa mashemeji wa utani, hawakuweza kukaa pamoja dakika mbili bila mmoja kumchokoza mwenzake. Alikuwa apande na mwenzake wa kazini, lakini mwenzake alikuwa amepangiwa zamu ghafla, na Kitinda hakuwa mtu wa kuiacha siku yake ya mapumziko ipotee bure.

"Shemeji!" akapaza sauti kabla hajafika mlangoni. "Nasikia goti limekusaliti. Chua hii asubuhi na jioni, usije ukamfanya dada yangu akubebe mgongoni."

Akamtupia tyubu ya dawa ya kuchua. Kipaza akaidaka, akacheka. Ndani ya ofisi, mkubwa wa lango alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake cha chai, anasikia kila kitu.

"Korongo vipi?" Kitinda akauliza. "Nimekusikia kwenye simu, lakini nataka nikusikie na wewe mwenyewe."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Angeweza hata kumvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba afike kibandani tu na kurudi. Kipaza aliufungua mdomo kwa nia hiyo. Akamwona mkubwa wake anageuza shingo. Akaona kazi, nyumba ya kazi, cheti cha utumishi mwema ukutani, vyote kwa mkupuo mmoja.

"Gumu kama sakafu," akasema.

"Basi mimi nikisikia sauti yako natembea hata macho yamefumba," Kitinda akasema, akakaza kamba za mkoba, akaenda. Kofia yake ya njano ilionekana kwenye kona ya kwanza, kisha ya pili, kisha miti ikaifunika.

Jioni hakushuka.

Mkewe Kipaza alifika langoni akiwa amevaa viatu viwili tofauti. Mama mkwe alikuja nyuma yake, akaketi kwenye ngazi ya ofisi, hakutaka kiti. Wakaja waokoaji. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mrefu, ambaye siku za kawaida ni dereva wa gari la zimamoto, mtu wa maneno machache. Akaitandaza ramani kwenye meza na kumtazama Kipaza usoni.

"Korongo ulilikanyaga mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu hii."

"Theluji ulichoma?"

"Nilichoma. Mti uligoma."

Yule mama aliendelea kumtazama. Mkewe Kipaza naye alikuwa anamtazama. Kipaza akaona bado hajaaminiwa vya kutosha, na hapo ndipo alipoongeza lile ambalo hakuulizwa.

"Halafu nilimwona kwa darubini. Alishavuka. Alikuwa juu ya korongo, anaelekea kileleni."

"Basi hayuko korongoni," kiongozi akasema, akaweka kidole upande wa pili wa mlima, kwenye miamba na msitu. "Amepotelea huku. Tunazunguka na magari kwa barabara ya nyuma."

Wakaondoka wote, taa zao zikapotea barabarani. Kipaza alibaki amesimama. Alitaka kuwakimbilia. Miguu ilikataa, na safari hii halikuwa goti.

Asubuhi, kitu cha kwanza alitoa darubini akalitazama korongo. Lilikuwa jeupe. Safi. Halina tundu wala ufa, walau kwa upande unaoonekana kutoka chini. Akashukuru. Aliona aibu kushukuru, lakini alishukuru. Labda kweli amevuka, akajiambia. Labda sikusema uongo, nimebahatisha tu ukweli. Akarekodi upya kwamba lango limefungwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo, akamtengenezea mama mkwe chai.

Simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa michezo wa shule moja ya mjini, aliyetaka kuleta wanafunzi wake.

"Afadhali umepokea mwenyewe," mwalimu akasema. "Nimepiga mapema nikapata mashine. Kwani unaumwa? Sauti ni yako, lakini unaongea kama mtu aliyelala chali."

"Nimesema lango limefungwa."

"Hukusema hivyo. Umesema habari za chumba."

Kipaza akakata simu. Akafunga mlango. Akabonyeza mashine isikike.

"Hali ya njia leo," mashine ikasema. Ilikuwa sauti yake. Ile ile nene, ila imeshushwa, haina haraka. "Theluji ya korongoni ni nyembamba. Chini yake kuna uwazi. Uwazi ni mkubwa, kama chumba. Kuna jiwe la kukalia. Mguu wa kushoto haukanyagi. Mwanga unapita kwa juu, una rangi ya bluu."

Halafu ikanyamaza. Nyuma ya ukimya palisikika maji yakipita.

Akaisikiliza tena. Akajitazama mikono. Alikumbuka kila neno alilorekodi asubuhi, na hayo hayakuwemo. Labda alirekodi usiku, kwa usingizi, kwa ajili ya mawazo. Mtu akipata mshtuko hufanya mambo. Ndiyo. Itakuwa hivyo. Akabonyeza kitufe chekundu, akafuta, akarekodi upya: lango limefungwa.

Mama mkwe alikuwa nje ya mlango na kikombe mkononi. "Ulikuwa unaongea na nani, baba?"

"Na mashine, mama."

"Nilisikia maji," akasema bibi yule, akarudi kukaa kwenye ngazi.

Jumanne alikuja ofisini mapema kuliko wote. Hakuwasha hata taa. Aliibonyeza mashine akiwa bado na koti.

"Hali ya njia leo. Maji yamefika kwenye viatu. Nimepandisha miguu juu ya jiwe. Mkate umebaki nusu. Nimeita tangu kulipokucha. Nimesikia magari yakizunguka kwa mbali, upande wa pili. Upande si huo."

Kipaza akafuta kabla haijamaliza. Alijua. Tusimtetee, alijua. Mtu hawezi kurekodi kwa usingizi habari za magari ambayo hakuyasikia. Alitoka nje, akaona gari la kiongozi wa waokoaji limeegeshwa, yule mama amelala kichwa kikiwa juu ya usukani, suruali imelowa matope hadi mapajani. Akalikaribia dirisha. Akainua mkono kugonga kioo.

Angesema nini? Nimesikia kwenye mashine? Wangemuuliza, mashine imejuaje? Na wewe si ulichoma theluji? Si ulimwona amevuka? Angeomba warudi korongoni, wangeuliza kwa nini, na kila kwa nini ilirudi kwenye ule usingizi wa kibandani. Tena mkewe alikuwa pale, amesimama karibu na gari, anawagawia waokoaji maji ya kunawa.

Akaushusha mkono. Yule mama aliamka mwenyewe, akapangusa uso. "Una lolote?" akamuuliza.

"Hapana," Kipaza akasema. "Nilitaka kujua kama umekunywa chai."

Jumatano mashine ilizungumza polepole. Kati ya neno na neno uliweza kuvuta pumzi mbili. "Hali ya njia leo. Mwanga umepungua. Theluji ya juu imeporomoka, imefunika tundu. Mikono imeacha kuuma. Bado nasikia. Nasikia mtu anabonyeza. Kila nikisema, mtu anabonyeza."

Kipaza alikuwa ameshanyoosha kidole.

Akakirudisha. Alikaa akiitazama mashine, na mashine ilikuwa kimya, taa yake ndogo inawaka na kuzima. Akasema kwa kunong'ona, yeye ambaye hajawahi kunong'ona maishani: "Nyamaza. Nakuomba. Nyamaza."

Kisha akabonyeza.

Siku nzima iliyobaki alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Alibeba maji. Alipasua kuni. Alimfunika mama mkwe blanketi na kumwambia Mungu ni mwema, tutampata. Usiku mkewe alimwegemea begani akalia mpaka akalala, na yeye hakuthubutu hata kujigeuza. Bega lililokuwa limelowa machozi lilimuuma kuliko goti. Mara kadhaa aliliita jina la mkewe kimoyomoyo, akiahidi kwamba akiamka tu atamwambia. Mke aliamka. Yeye akafumba macho.

Alhamisi, asubuhi, jua limeshatoka. Akaingia ofisini, akaizunguka meza bila kuitazama mashine, akaufuata waya wake mpaka ukutani, akauchomoa. Taa ndogo ikazima. Akaunyonga waya, akausukuma nyuma ya kabati. Akakaa.

Simu ikalia.

Akapokea. Alikuwa mkewe, anapiga kutoka nyumbani, pale chini ya kilima, alikokuwa amekwenda kumbadilishia mama yake nguo.

"Baba," akanong'ona.

"Naam."

"Nimepiga muda huu huu, kabla ya simu hii. Nilitaka tu kusikia umesema nini kuhusu njia. Mashine ikapokea."

Kipaza aliutazama ukuta. Matundu ya umeme yalikuwa matupu.

"Hakuna maneno," mkewe akasema. "Ni maji tu. Yanapita karibu sana. Halafu mtu ameita. Mara moja. Si sauti yako."

"Ameitaje?"

"Ameita shemeji." Akavuta pumzi. "Baba watoto. Ni nani mwingine anakuita wewe shemeji?"

Kilichofuata hakukipanga. Alitoka mbio na goti lake, akauchukua ule mti nyuma ya mlango, akamkuta kiongozi wa waokoaji anajaza mafuta. Akamwambia: "Korongoni. Yuko korongoni, chini ya theluji, amekaa juu ya jiwe." Yule mama hakumuuliza amejuaje. Alimtazama tu, akayashika mambo yote kwa mtazamo mmoja, akapiga filimbi. Walipanda wote. Kipaza alipanda mbele yao bila kusimama, hakupumzika hata kibandani, alipita na kuliacha lile benchi bila kuligeuzia uso.

Ukingoni akachoma theluji. Mti ulizama wote. Nusura umponyoke mkononi.

Wakamfunga kamba yule mama, wakamshusha kwa kuvunja ganda. Chini walimsikia anatembea ndani ya maji. Kisha hawakumsikia. Kisha akapiga kelele wavute taratibu.

Kitinda alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu ameipandisha, mguu wa kushoto umefungwa kwa shali yake vizuri, kwa mikono ya nesi. Kofia ya njano ilikuwa kichwani. Kwenye mkoba mlibaki ganda la mkate. Macho yalikuwa yamefumba na uso ulikuwa umetulia, umeelekea juu, pale mwanga ulipokuwa ukiingia kabla tundu halijaziba.

Hospitali ilikuwa ile ile aliyofanyia kazi. Daktari alimjua. Aliwatoa kwenye chumba baridi, akawasimamisha kwenye korido, akajaribu kuongea kwa lugha ya kazi, akaiacha.

"Hakufa siku ile alipoanguka," akasema. "Wala siku ya pili yake. Amefariki leo. Asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Mngewahi jana…" Akaona uso wa mama mkwe, akaacha. Alipokuwa anaondoka alisimama tena, kama mtu aliyeshindwa kukibeba kitu peke yake. "Kuna jambo sijawahi kuliona. Vidole vyake vyote vimeungua kwa baridi, vya mikono na vya miguu. Isipokuwa kidole gumba cha kulia. Kile ni kizima. Kina joto mpaka sasa."

Mama mkwe aliingizwa ndani kumuaga mwanawe. Kwenye korido wakabaki wawili, mume na mke. Mtu alikuwa anapiga deki mwisho wa korido, akawaona, akaenda na ndoo yake upande mwingine.

Mkewe alimsogelea karibu sana.

"Mimi nimemsikia leo," akanong'ona. "Nikakupigia papo hapo. Wanasema uliwatajia jiwe kabla hawajashuka. Wewe umejuaje?"

Kipaza akaegemeza mkono ukutani.

"Kwenye mashine," mkewe akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Wewe umeanza kumsikia lini?"

Angeweza kusema leo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na sauti ile nene ilikuwa tayari kulibeba. Mkewe angeamini, kwa kuwa alikuwa anataka kuamini, alikuwa anamwomba kwa macho aseme leo.

"Jumatatu," Kipaza akasema.

Mkewe aliurudisha uso nyuma taratibu. Hakupiga kelele. Hakumpiga. Macho yake yalishuka kwenye mkono wa mumewe uliokuwa umeshika ukuta. Akaushika. Akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Kidole gumba cha kulia kilikuwa cheusi kuanzia kwenye ukucha mpaka kwenye kifundo. Kipaza mwenyewe alikuwa hajakiona. Alijaribu kukikunja, hakikukunjika, hakikuuma, hakikuwa chake. Na mlimani alikuwa amevaa glavu tangu langoni, wala theluji hakuigusa kwa mkono.

Sasa huu ni mwaka wa pili. Kazi iliisha siku ile ile, alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akasema yote, tena akayarudia mbele ya mama mkwe, amepiga magoti. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, akainuka, na hajawahi kukanyaga tena kwao. Sauti ya Kipaza imeshuka, ukitaka kumsikia lazima umsogelee. Daktari alitaka kukikata kile kidole lakini hakuona sababu, maana hakiozi wala hakivimbi, ingawa hakiponi. Ni baridi tu. Mimi nimekigusa kwa mkono wangu, mchana, jua kali, nikaurudisha mkono wangu haraka.

Watu walidhani mkewe ataondoka. Hakuondoka. Ndiye anayembadilishia bendeji ya kidole kila asubuhi, kwa kuwa kila asubuhi hukutwa imelowa chapachapa, maji maangavu, yasiyo na harufu wala rangi. Yanatoka wapi, hospitali hawajui. Wanakaa mezani wakiwa wametazamana. Anaifungua taratibu, anaikamua kwenye kikombe, anafunga nyingine kavu, na akimaliza kukaza fundo anamuuliza kwa sauti ndogo, "Lini?" Mumewe anajibu, "Jumatatu." Halafu mke anavaa viatu vyake, anakichukua kikombe kwa mikono miwili asimwage hata tone, na anakwenda nacho makaburini kwa mdogo wake.